Mwalimu wangu wa krosheti nilimgeuza kwa kioo

SHOSHO alijaribu kunifunza krosheti nikiwa darasa la nne, likizo ya Agosti. Alichoka siku ya pili. Tuliketi kwenye benchi moja nje ya jikoni, bega kwa bega, yeye akishika sindano kwa mkono wa kulia na mimi kwa wa kushoto. Kila alichofanya kilikuwa kinyume kwangu. Uzi wake ulitokea huku, wangu kule. Mwishowe akaichukua ile sindano mkononi mwangu, akacheka na kusema, "Mjukuu wangu, huo mkono utanimalizia uzi bure. Enda ulishe kuku."

Nikaenda kulisha kuku. Mambo ya krosheti yakaishia hapo kwa karibu miaka 13.

Sasa nina miaka 24 na naishi keja ya chumba kimoja hapa Umoja, Nairobi. Chuo niliacha mwaka wa pili. Karo ilimlemea mathe, nikajiambia nitarudi muhula unaofuata, na huo muhula hadi leo bado unafuata tu. Nayasema haya mapema kwa sababu kila nikiweka picha ya kofia niliyofuma, lazima kuna mtu atauliza nilisomea wapi. Nilisomea kitandani, kwenye simu yenye ufa katikati ya skrini.

Aliyenirudisha kwenye uzi ni konda wa matatu. Alikuwa amevaa kofia ya krosheti, ile inayokaa kama ndoo iliyopinduliwa, nyeusi na rangi ya chungwa. Nikamuuliza bei. "Soo kumi na tano, buda." Elfu moja mia tano kwa wulu na shimo la kichwa! Niliposhuka Muthurwa nilienda moja kwa moja kununua wulu nyeusi mbili na sindano ya milimita nne, ile yenye kulabu mwishoni. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nikifuma kofia moja kwa siku, kodi ya nyumba naimaliza kwa wiki moja.

Haya, cheka. Mimi pia nacheka sasa.

Video ya kwanza niliyofungua YouTube ilikuwa ya mama mmoja Mmarekani mwenye sauti ya upole. Mikono yake ilionekana vizuri kabisa, na yote ilifanya kazi kwa upande wa kulia. Nikajikuta niko kwenye benchi la shosho tena. Nilihangaika siku mbili, uzi ukanizunguka hadi nikaonekana kama kifurushi. Usiku wa pili, nikiwa nimekasirika, niliona kile kioo changu cha kunyolea pale dirishani. Nikaegemeza simu kwenye kikombe, skrini ikitazama kioo, nami nikaketi nikitazama kioo badala ya simu.

Manze! Mwalimu akawa mtu wa mkono wa kushoto. Maandishi ya chini yaligeuka kama yale ya mbele ya ambulensi, lakini mikono ilikuwa kama yangu. Niliifuata, na kabla ya saa sita usiku nilikuwa na mnyororo wa vitanzi 40 uliokaa sawa.

Baadaye niligundua kuna njia rahisi zaidi. Programu nyingi za kuhariri video kwenye simu zinaweza kugeuza picha kushoto kulia, na kuna walimu mtandaoni wanaofundisha watu wa mkono wa kushoto pekee. Lakini kioo bado nakitumia, hasa video ikiwa ndefu na sina nafasi ya kuipakua.

Hapo ndipo nilipoelewa raha ya kujifunza hivi. Shosho huwezi kumsimamisha mkono ukiwa hewani. Huyu wa kwenye simu unamsimamisha, unamrudisha nyuma sekunde kumi, unamrudisha tena, unampunguza kasi hadi nusu, na hakasiriki. Ile pete ya kuanzia kofia, ambayo unazungushia uzi kidoleni, unafuma mishono sita ndani yake kisha unavuta ncha ili shimo lifunge, niliirudia jioni tatu mfululizo. Mtu aliye hai angenifukuza.

Kofia yenyewe ni hesabu tupu. Unaanza na mishono sita. Mzunguko wa pili 12, wa tatu 18, wa nne 24, unaongeza sita kila mara ili duara likae bapa. Ukiongeza chache linajikunja kama bakuli, ukizidisha linafanya mawimbi. Utajua vipi pa kuacha kuongeza? Pima kichwa, tuseme ni sentimita 56, gawanya kwa 3.14. Unapata karibu 18, na huo ndio upana wa duara la juu kabla ya kuanza kushuka kando. Kwa hivyo ile pai tuliyoimba shuleni bila kujua ya nini, nimekutana nayo tena nikiwa nimelala chali na wulu kifuani.

Makosa? Mengi. La kwanza ni hiyo wulu nyeusi. Usijifunze kwa uzi mweusi, hasa kama taa yako ni balbu moja. Huoni mshono unaanzia wapi. Nunua kremu, njano, hata pinki, ukishajua ndiyo ufume nyeusi ya kumpelekea konda. La pili ni bando. Video ya dakika 40 ukiiangalia mara tano ni pesa ya sukuma wiki. Nilianza kupakua video usiku kwa waifai ya cyber ya rafiki yangu, nazitazama mchana bila intaneti.

Wulu nayo inakula pesa kabla hujauza chochote, ndiyo maana nikawa mteja wa Gikomba. Nanunua sweta kubwa za mitumba na kuzifumua. Lakini si kila sweta inafumuka. Igeuze ndani nje uangalie pale mbavuni zilikounganishwa. Ukiona kingo zimekatwa kwa makasi na kushonwa kwa mashine ya ovaloki, iache, utapata vipande vifupi vya uzi visivyo na kazi. Ukiona kingo ni nzima, vipande viwili vimeunganishwa tu kwa uzi wa mnyororo, chukua. Hiyo ukipata ncha, mgongo wote unatoka kwa uzi mmoja. Nikifika nyumbani nakata kipande kidogo nakichoma: kikinuka kama nywele na kubaki jivu, ni sufu ya kondoo, sherehe. Kikiyeyuka na kuacha kipunje kigumu kama plastiki, ni akriliki, na hiyo usiipigie pasi ya moto maishani mwako. Nilipiga moja, kofia ikalegea kama chapati na haikurudi tena.

Mwezi wa nne, nikiwa nimeuza kofia saba na kujiona fundi, jirani wa nyumba ya chini akanisimamisha kwenye ngazi. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Alitaka sweta ya mtoto na kofia yake, shilingi 2,500, na akanitumia elfu moja papo hapo kwa M-Pesa kama diposti. "Nakuaminia, kijana," akasema. Hiyo elfu ilikuwa imeshaingia kwenye gesi na unga kabla jioni haijafika. Na mimi, ukweli usemwe, sikuwa nimewahi kufuma kitu chenye mikono.

Nikaamua kulipia darasa. La kweli, la pesa. Mwalimu ni Mwingereza, masomo 12 ya video na maelezo ya kuandikwa ya sweta nzima. Nililipa kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, ikakata kama elfu moja na mia nane hivi, pesa niliyokopa. Nilitazama somo la shingo na la vifungo, hayo mengine nikayaruka ili kuokoa bando, kwa sababu maelezo yalikuwa wazi: fuma dabo, mistari 30, hapo umemaliza mkono. Dabo naijua. Nilifundishwa na yule mama Mmarekani miezi mitatu iliyopita.

Nilifuma siku tano. Nikapima. Mkono wa sweta ulikuwa sentimita 33.

Mtoto anayezaliwa, mzima mzima, kichwa hadi kisigino, ni kama sentimita 50. Nilikuwa nimefuma sweta ya mtoto yenye mikono ya bawabu wa usiku, tena yenye mashimo ya kupitisha baridi yote ya Julai.

Usiku huo ndio niliotazama yale masomo niliyoruka. Dakika ya sita ya somo la kwanza, mwalimu anafuma dabo. Na dabo yake ni fupi, imeshikana. Kwangu mimi hiyo inaitwa singo. Nikakaa kitandani nikiwa nimeshika kichwa.

Hivi ndivyo ilivyo, na ningelipa mtu mia tano aniambie mapema. Waingereza na Wamarekani hawakubaliani majina ya mishono. Anachoita Mmarekani singo krosheti, Mwingereza anaita dabo. Dabo ya Mmarekani kwa Mwingereza ni trebo. Majina ni yaleyale, yamesogezwa hatua moja. Basi unaweza kufuata kila neno kwenye maelezo, usikosee hesabu hata moja, na bado utoke na nguo tofauti kabisa. Dalili ya kukuokoa ni moja: ukiona neno singo krosheti popote kwenye maelezo, hayo ni ya Kimarekani, maana Waingereza siku hizi hawana mshono wenye jina hilo. Usipoliona, shuku. Maelezo yaliyoandaliwa vizuri hutaja juu kabisa yanafuata majina ya nani. Yangu hayakutaja, lakini video ilionyesha, na mimi ndiye niliyeiruka.

Nikashuka kumwambia jirani. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu. Akanisikiliza akikunja nguo za mtoto, kisha akasema, "Kijana, mtoto hatangoja Waingereza na Wamarekani wakubaliane. Niko na wiki tatu."

Nikafumua yote. Nikaanza upya, mshono mfupi sasa, sindano iliyoandikwa, uzi wa unene uliotajwa. Ikatoka ndogo. Ndogo sana, ya mwanasesere. Hapo nilitaka kurudisha ile elfu, ila sikuwa nayo.

Katika kundi moja la WhatsApp la wafumaji niliona tangazo la darasa la moja kwa moja, Jumamosi jioni, shilingi 300 kwa saa moja na nusu. Mwalimu ni mama wa makamo kutoka Nakuru. Tulikuwa watu sita kwenye simu ya video. Nilitarajia atuonyeshe kitu. Hakutuonyesha chochote. Alisema kila mtu aelekeze kamera kwenye mikono yake, anyamaze, afume mishono kumi.

Aliponifikia alitazama mishono kama minne hivi. "Wewe wa mkono wa kushoto, simama hapo. Huo uzi unauvuta ukiwa wapi?"

"Kwenye kulabu, Mwalimu."

"Najua ni kwenye kulabu. Uko juu ya sindano au chini?"

Nikaangalia. Ulikuwa chini. Kulabu ilikuwa inaenda kuudaka uzi kutoka juu, badala ya uzi kupita juu ya sindano. Akaniambia niisogeze kazi karibu na kamera. "Mishono yako inafanya alama ya X. Ya wenzako inafanya V. Hiyo ya X ni mifupi na inabana. Si dhambi, wanaofuma wanasesere wengine wanaipenda. Lakini sweta yako itakuwa ndogo kila siku, na utalaumu sindano."

Miezi minne ya video. Masaa sijui mangapi. Kofia saba, zote zikiwa na X, na hakuna aliyeniambia, kwa sababu hakuna aliyekuwa ananiona. Nilimtazama yule Mmarekani mpole hadi nikajua kucha zake, lakini yeye hajawahi kuona mkono wangu hata siku moja.

Kisha akatufanya sote tufume kipande cha sentimita 10 kwa 10, tuhesabu mishono na mistari, tulinganishe na kilichoandikwa. Kila video duniani husema ufanye hivyo kwanza, na kila mtu huruka hapo. Kwa Mwalimu huwezi kuruka, anakungoja ukihesabu kwa sauti.

Kwa hivyo ukiniuliza leo pesa yako uiweke wapi, msimamo wangu ni huu: mishono yenyewe jifunze bure, video zimejaa. Lipia mtu atakayeangalia mikono yako. Saa moja na nusu ya mia tatu ilinifaa kuliko lile darasa la elfu moja mia nane, ingawa siwezi kusema lile lilikuwa baya. Lilinipa hata cheti cha kuchapisha. Nilimtumia mathe picha yake kwa mzaha. Wiki iliyofuata nilipoenda kumsalimia nilikikuta ukutani, kwenye fremu, juu ya televisheni, pale alipokuwa ameacha nafasi ya picha yangu ya mahafali. Sikumwambia kitu. Naye hakuniambia kitu. Alipakua chakula tukala.

Jihadhari na kitu kimoja huko sokoni mtandaoni. Kuna maelezo yanauzwa na picha za kupendeza mno, mnyama mwenye manyoya na macho ya kung'aa, na hiyo picha imeundwa na akili unde. Hakuna mtu aliyewahi kufuma kitu hicho. Nililiwa mia mbili na simba mmoja wa namna hiyo, maelezo yake hata hayajumliki. Siku hizi naivuta picha karibu. Mishono nikiweza kuihesabu, sawa. Ikiyeyukiana kama uji, napita.

Kufuma kwa vijiti viwili nimeanza juzi tu, kwa hivyo sina mengi. Mathe alinicheka alipoona nimenunua vijiti. Yeye alisoma mfumo wa 8-4-4 ulipokuwa bado mpya, wakati kazi za mikono zilikuwa somo la kweli, na anasema darasa lao lilifuma kwa spoki za baiskeli zilizonyooshwa. Kwa vijiti mkono wa kushoto si shida kubwa, mikono yote miwili inafanya kazi. Kuna hata mtindo wa Ulaya bara ambao uzi unashikwa kwa mkono wa kushoto, na huo ulinikaa siku ya kwanza. Shida yangu ni nyingine: kwenye krosheti una kitanzi kimoja cha kulinda, huku una kijiti kizima cha vitanzi vinavyongoja uteleze.

Halafu kuna suala la bei. Sweta ya kufuma kwa vijiti, mashine inaitoa, ndiyo maana za shule zinauzwa bei ile. Krosheti halisi bado haina mashine ya kiwandani. Kila topu ya krosheti unayoiona imetundikwa dukani, hata ile ya bei ya kutupa, kuna mtu aliketi mahali akaifuma kwa mkono. Kofia moja mimi hunichukua saa sita, na hapo nimezoea. Weka wulu, weka bando, weka stima. Yule konda na soo kumi na tano zake, sasa nadhani aliyemfumia alimhurumia.

Sweta ya jirani niliifuma mara ya tatu kwa siku nne, V mstari baada ya mstari. Mkono ulitoka sentimita 15 na nusu. Mtoto alikuwa amenitangulia kwa siku mbili. Jirani aliigeuza ndani nje, akavuta mshono wa bega kwa kidole kama mtu anayekagua nyama, kisha akanitumia ile 1,500 iliyobaki. Mia tano ililipa deni la darasa. Mwezi uliopita dada yake aliagiza mbili.

Pasaka nilienda kwa shosho. Viti vyake bado vimefunikwa vile vitambaa vyeupe vya umbo la nanasi, ambavyo sijawahi kuona video inayovifuma jinsi yeye anavyovifuma. Hana maelezo ya kuandikwa. Hajui singo wala dabo, ana majina yake mwenyewe kwa Kikuyu. Nilimwomba anifunze. Akaangalia mkono wangu akatikisa kichwa, akasogea kwenye lile benchi ili niketi kando yake.

Nikamwambia, "La, shosho, kaa hapo hapo." Nikavuta kigoda, nikaketi mbele yake, magoti yetu yakikaribia kugusana, tukitazamana. Mkono wake wa kulia ukawa upande mmoja na wangu wa kushoto, kama nilivyozoea kwenye kioo. Akafuma mshono mmoja, akaningoja. Nikafuma wangu. Akatazama mkono wangu, akatazama wake.

"Kwani ilikuwa ni hivyo tu?" akauliza.

Tulifika mstari wa tisa wa nanasi kabla giza halijaingia. Alinifumulisha mitatu.